Kifumbu Ulichomwachia Nnalongo

Bugolobi, Jumapili asubuhi

Zuhura, mke wangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kibarazani juu ya kigoda chako. Sigiri iko mbele yangu, na chungu cha kunde kimeanza kutoa povu. Baada ya sala ya adhuhuri watafika wale wale waliokuja mwaka jana kukusomea hitima, isipokuwa wachache ambao vita vimewatawanya. Watakapokuwa wameketi mikekani, kabla sahani hazijapitishwa, nitaomba ruhusa yao nisimame niisome barua hii kwa sauti. Unajua kwamba kusimama mbele ya watu hakujawahi kunisumbua. Maisha yangu yote ya kazi yamepita mbele ya ubao. Ila leo sisimami kufundisha. Nasimama kukiri. Ahadi niliyokupa niliivunja mbele ya macho yao, na wao, bila kujua, waliila pamoja na wali.

Lakini wewe ulikuwa mtu wa kuuliza habari kwanza na makosa baadaye. Basi pokea habari.

Wakubwa wa serikali wamekimbia. Hawakuondoka kwa heshima, Zuhura. Waliondoka na magodoro yamefungwa juu ya magari, na mmoja wao, Mungu anisamehe kwa kucheka, alikaa nyuma ya lori amekumbatia jokofu kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali. Mizinga ililia siku kadhaa. Sisi majirani tulijibanza kwenye ujia wa ghorofa ya chini tukila viazi vitamu vya kuchemsha, na kila mlipuko uliposikika Nnalongo wa mlango wa pili alisema, "Hiyo si yetu. Hiyo si yetu," kana kwamba anachambua barua posta.

Kisha kukawa kimya. Na ndani ya ukimya ule nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia kwa miaka: mwanamke wa ghorofa ya tatu akimwita mwenzake wa jengo la pili kwa sauti yake yote, akimuuliza kama ana kiberiti. Sauti yake yote, bila kutazama nyuma kwanza. Nilikaa hapa kibarazani nikalia kwa ajili ya kiberiti cha watu.

Chumvi inapatikana, japo si kila siku. Yale maji ya majivu ya maganda ya ndizi tuliyokuwa tukiyachuja ili mboga ipate ladha, nimeyamwaga. Afande wa ghorofa ya chini ametoweka na watu wake wote. Wapita njia waling'oa mlango wake wakaenda nao, na sasa kuku asiyejulikana ni wa nani anatagia sebuleni kwake. Shule imefunguliwa, chaki hakuna. Nimekonda kiasi kwamba suruali ya kijivu naifunga kwa tai, na najua kabisa ungesema nini kuhusu hilo, kwa hiyo usiseme.

Na nazi zimerudi. Kaka yako Salim alikuja nazo wiki tatu zilizopita, gunia zima kutoka Mombasa kwa lori la kwanza lililopita mpakani, akalitua sakafuni mbele yangu akasimama ameshika kiuno. Tulilitazama gunia lile kama watu waliopokea mgeni aliyedhaniwa amekufa.

Kwa kuwa nitakuwa nasoma mbele ya watu, na wengi wao walikujua tu kama dada wa Salim wa duka la Kibuli, sharti niwaeleze ulikuwa nani ulipokaa kwenye kigoda hiki.

Ulilelewa katika nyumba ambayo hata mboga ya majani haikuiva bila tui. Babu zako walikuja bara na biashara, wakazeeka hapa, wakazikwa hapa, lakini nazi waliendelea kuiagiza. Kuvuka mpaka wa Kenya kulipokuwa kugumu na nazi zikakatika, uliishi wiki mbili kama mtu aliyenyang'anywa lugha. Ndipo jirani wa mlango wa pili akakuletea kopo la karanga mbichi. Huyu ndiye Nnalongo, ambaye Waganda humwita hivyo kwa kuwa alizaa mapacha, na ambaye jina lake lingine mimi silijui mpaka leo. Ulizitwanga karanga zile zikawa unga laini. Ukatia maji ya vuguvugu. Kisha, kwa mikono iliyofundishwa na mama yako, ukazitia ndani ya kifumbu chako cha kuchujia tui, ukakamua kwa nguvu zako zote, ukaweka bakuli la maji meupe pembeni na kuyatupa makapi jalalani, kama yatupwavyo machicha ya nazi.

Nnalongo alikuwa amesimama mlangoni. Sijawahi kumwona mtu akishika kichwa kwa mikono miwili kwa sababu ya mboga. "Bambi, Zuhura! Mchuzi umetupa, maji umeweka! Nyinyi watu ya pwani mnakula maji ya kuosha!" Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kifumbu kilikuwa bado mkononi mwako kinadondosha matone kwenye kanga. Kuanzia siku hiyo mlikuwa ndugu. Alikufundisha kupika karanga pole pole, bila kufunika, mpaka mchuzi uwe mzito na wa rangi ya waridi; nawe ulimfundisha kwamba bamia haihitaji kuchemshwa mpaka ikome kuwa bamia. Kifumbu ulikiosha pale pale, ukakitundika ukutani, ukasema, "Kitapata kazi siku nazi zitakaporudi."

Sasa nieleze jambo ambalo mwaka jana halikuweza kuelezwa. Wageni wangu, wengi wenu mlidhani Zuhura aliacha nyama kwa amri ya daktari. Sivyo.

Jumamosi moja lori la Afande lilirudi na ng'ombe. Lilikuwa likirudi hivyo mara kwa mara, na makopo ya samli, na trei za mayai, na madebe ya maziwa, na hakuna aliyeuliza vimetoka wapi, kwa kuwa sote tulijua na kuuliza kulikuwa na hatari yake. Lakini siku ile, nyuma ya lori, alifika kwa miguu mzee mmoja mfugaji. Alikuwa ametembea kutoka upande wa Mukono. Hakupiga kelele. Alisimama nje ya lango akaita, "Bihogo! Bihogo!" Na ng'ombe mmoja mwekundu uani akageuza kichwa, akaitika. Askari wa lango walicheka, wakamwambia mzee aende zake. Aliendelea kuita mpaka mchana. Kisha ng'ombe hakuitika tena, na mzee akakaa chini kando ya barabara akalia kama anavyolia mtu mzima, bila kuficha uso.

Alasiri kila mlango wa jengo letu ulipata kifurushi cha nyama kilichofungwa kwa jani la mgomba. Ulikifungua juu ya meza. Ukaniambia, "Mwalimu, nyama hii ina jina. Nimelisikia."

Mimi nilikuwa tayari nikifikiri jinsi ya kukitupa bila mtu kuona. Wewe ulikifunga upya vizuri, ukashuka ngazi, ukakirudisha kwa mke wa Afande kwa mikono miwili. Nilijibanza kwenye kona ya ngazi. Nilikusikia ukisema kwa upole ule ule uliowasalimia nao wageni: "Nimeweka nadhiri, mwenzangu. Sili chenye damu, wala maziwa, wala samli, wala yai." Yule mama akasema, "Nadhiri ni nadhiri." Akapokea kifurushi. Basi. Ulipanda ngazi ukanikuta nimeegemea ukuta, ukanigusa shavu kwa mkono uliokuwa bado unanuka jani la mgomba. "Sitaki kula kitu ambacho mtu amekililia," uliniambia. "Na siku hizi sijui ni kipi hakikuliliwa, isipokuwa kile kinachoota."

Nilikufuata katika nadhiri ile, kwanza kwa sababu sikuwa na mpishi mwingine. Usikasirike, wote watacheka hapo, na wewe ulicheka nilipokuambia. Baadaye nilikufuata kwa sababu sikuwahi kula vizuri namna ile.

Kila Jumamosi asubuhi tulikwenda Kalerwe, ingawa soko la Nakawa lilikuwa karibu, kwa kuwa ulisema mama wa majani wa Kalerwe ndiye peke yake anayejua kufunga fungu la nakati, ile mboga chungu ya majani ya Waganda, bila kuliumiza. Yeye akituona kwa mbali alikuwa akipaza sauti, "Watu yangu ya pwani! Nnyabo, hii mume yako bado hajajua kubeba kikapu?" Tulirudi na dodo, yaani mchicha wa huku, na nakati, nyanya chungu, boga, na katika msimu wake ule uyoga mdogo mweupe wa kwenye vichuguu. Nilipewa kazi ya kumenya matoke. Vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, na wewe ukaokota ganda langu ukalipima unene kwa kidole: "Mwalimu, unamenya ndizi au unachonga penseli?"

Uyoga uliukausha juani kidogo, ukaupika ndani ya mchuzi wa karanga uliofungwa kwa jani changa la mgomba lililobabuliwa motoni, na kifurushi kile kikawekwa juu ya matoke, na majani mengine juu yake, na moto ukapunguzwa. Hapo ndipo siku yetu ilipoanza. Chungu kilikuwa na kazi, sisi hatukuwa nayo. Ulitandika mkeka hapa kibarazani, ukaweka miguu mapajani mwangu, nami nikasahihisha madaftari na kukusomea majibu ya ajabu ajabu. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba kazi kuu ya figo ni kuliwa. Ulilitaja jibu hilo kwa miezi mingi. Mvua ilipokuja hatukuingia ndani. Tulisogeza sigiri tu. Jumapili tulikula yaliyobaki, matoke baridi yaliyochomwa juu ya makaa mpaka yakashika ukoko, na uji wa wimbi usio na sukari, na redio chini kabisa, tumeikaribia kama wagonjwa wawili kwenye moto mmoja. Nje ya ukuta huu watu walikuwa wakipotea. Nalijua hilo, nawe ulilijua. Mwenzangu wa chumba cha walimu alitiwa kwenye buti la gari mchana kweupe kwa neno moja alilolisema kwenye foleni ya sabuni, na hakurudi. Lakini siku mbili kwa wiki tuliishi kama watu ambao hawajanyang'anywa kitu. Kama kuna anayeuliza tulipitaje miaka ile, jibu langu ni hilo: tulipita kwa Jumamosi na Jumapili.

Kisha moyo wako ukachoka. Miguu ilivimba. Daktari uliyemwamini alikuwa amekwisha kuihama nchi. Ulilala kitandani pako, mto wako chini ya kichwa, na Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana ulitoka katika usingizi kwenda katika usingizi mwingine nikiwa nimeshika kikombe chako. Nataka kusema jambo ambalo mjane wa kiume haruhusiwi kulisema wazi, na nalisema: nilishukuru. Wanawake walikuosha. Nilishuka kaburini nikakupokea kwa mikono yangu. Najua ulipo. Kuna nyumba katika jengo hili ambazo mpaka leo zinaweka sahani mezani kwa mtu ambaye hazijui yuko wapi.

Siku mbili kabla ya hapo ulikuwa umenishika mkono. "Mwalimu, siku ya hitima yangu usichinje. Walishe watu chungu chetu. Niahidi." Nikakuahidi mara moja, kama mtu aliyeulizwa swali rahisi.

Na mwanzoni lilikuwa rahisi. Salim alinijia juu, na leo sitamficha: "Shemeji, unataka dada yangu asomewe hitima kwa majani? Wageni ni sungura?" Nikamjibu, "Ndiyo, kwa majani." Hakuzungumza nami kwa wiki nzima, nami nikajiona shujaa. Nilikwenda Kalerwe peke yangu. Mama wa majani alinifungia mafungu kwa kikapu kizima, akakataa kusema mzaha wowote, na ule ukawa mzaha mbaya kuliko yote. Uyoga nilipata. Karanga Nnalongo alizitwanga.

Siku moja kabla ya hitima ya arobaini, alasiri, nilisikia kwato uani. Afande alikuwa amesimama chini, na kando yake fahali mwenye kamba shingoni. Kamba ya nyuzi za mgomba, imesokotwa vizuri, na kwenye fundo lake kuna kitambaa chekundu. Nilikiona kitambaa kile kabla ya kumwona Afande. Mtu fulani alikuwa amempenda mnyama yule kiasi cha kumfunga kitambaa.

"Mwalimu, pole sana," Afande alisema, na niseme ukweli, alikuwa na huzuni ya kweli usoni. "Mama alikuwa mtu ya maana. Hii ng'ombe ni ya hitima yake. Kesho mnachinja, hapana maneno."

Zuhura, lilikuwepo jibu. Ulinifundisha wewe mwenyewe, nililisikia kwa masikio yangu kutoka kona ya ngazi. Maneno matatu: ni nadhiri yake. Mke wake alikuwa dirishani, angenishuhudia. Nilifungua mdomo. Nikaliona buti la lile gari. Nikasema maneno mawili.

"Asante, Afande."

Salim ndiye aliyechinja, kwa bismillahi na kwa kisu kikali, hakuna aliyekosea sheria. Kulipikwa pilau ambayo watu waliizungumzia mpaka Ramadhani. Afande aliketi mkeka wa mbele, akala, akasema, "Mama angefurahi." Wazee walinishika mkono mmoja mmoja wakaniambia nimemheshimu mke wangu. Kikapu cha nakati kilikuwa jikoni kinanyauka. Nnalongo alikibeba akaondoka nacho bila kunitazama. Na mimi sikutia tonge mdomoni. Watu walisema ni majonzi. Ninyi mlioketi hapa mlisema hivyo, na mlinihurumia, nami niliipokea huruma yenu kama mwizi anavyopokea shikamoo.

Tangu siku ile nimepika chakula chetu kila Jumamosi, peke yangu, kwa kipimo chako na moto wako. Hakikuwa na ladha. Nilijiambia ni chumvi. Kisha chumvi ikarudi, na ladha haikurudi.

Gunia la nazi lilipotua sakafuni, nilijua la kufanya kabla Salim hajashuka ngazi. Nilimwita kutoka hapa juu, kwa sauti yangu yote, nikamwambia nitafanya hitima ya mwaka, na kwamba hakutakuwa na nyama. Alisimama uani akainua uso. Nilijiandaa. "Sawa, shemeji," alisema. "Majani nitakula. Lakini ukiniita sungura, nazi zangu nazibeba."

Nikatafuta kifumbu. Msumari wake ulikuwa ukutani, kifumbu hakikuwepo, na ndipo nilipotambua kwa aibu kwamba kwa mwaka mzima nilikuwa nikiutazama msumari mtupu bila kuuona. Nilitafuta kwenye kapu la kanga zako. Nilitafuta chini ya kitanda, nyuma ya pipa la maji, hata kwenye sanduku la vitabu. Mwishowe nikabisha mlango wa pili, nikamuuliza Nnalongo kama ana kitu chochote cha kuchujia tui.

Alikuwa anafua. Aliacha. Alijifuta mikono taratibu, kidole kwa kidole, akaniangalia kwa namna ambayo nilidhani nimemkosea. Akaingia ndani, akatoka na kifurushi cha jani kavu la mgomba kilichofungwa kwa uzi. Akakiweka kwenye mikono yangu.

"Mwalimu, umekawia," alisema. "Mimi nimengoja wewe mwaka muzima. Zuhura alinipa hii ile Alhamisi, wewe ukiwa shule. Alisema, weka. Siku Mwalimu atakuja kuuliza yeye mwenyewe, ujue anapikia watu, ujue woga imeisha. Akasema, Afande ataleta ng'ombe, analeta kwa kila msiba. Mwalimu ataogopa. Atachinja. Wewe usimugombeze. Mwambie akule. Asikae na njaa juu yangu."

Nilikaa kwenye ngazi yake. Aliniacha nikae. Alirudi kwenye nguo zake, na baada ya kitambo akaniambia, akiwa amenipa mgongo, "Ile nakati yako sikutupa. Nilipika. Tulikula na wale wamama walimuosha yeye. Hitima yake ilikuwa kwangu, wewe ulikuwa na sherehe ya Afande."

Sijui kama nimewahi kusikia sentensi iliyonitua mzigo mzito namna ile. Mwaka mzima niliamini kwamba uliondoka duniani bila kupata kitu kimoja ulichokiomba. Kumbe upande wa pili wa ukuta huu huu, wakati mimi nasimamia masufuria ya pilau, wanawake wanne walikuwa wamekaa chini wanakula nakati iliyonyauka kwa ajili yako.

Tangu hapo nimejiuliza swali moja. Ikiwa ulijua nitashindwa, kwa nini uliniomba ahadi? Nimelitafakari kama nilivyozoea, nikitembea huku na huku, na jibu nililolipata nitalisema mbele ya watu hawa ili wanisahihishe. Hukuniomba ahadi ya siku ile. Ulinijua. Uliniomba ahadi ya siku yoyote nitakayoiweza, ukaweka kifumbu mahali ambapo ningelazimika kubisha mlango na kukiomba. Kwa siku ile uliyojua sitaiweza, ulimpanga mtu mwingine. Ulinipenda jinsi nilivyokuwa, mwoga, mwenye mikono myeusi kwa utomvu, na hukusubiri niwe mtu mwingine ndipo unihurumie.

Basi leo ndiyo siku. Majani ya mgomba yamefunika chungu kikubwa cha matoke. Uyoga umo ndani. Mama wa majani wa Kalerwe amefunga safari mwenyewe mpaka hapa, yuko jikoni anawaamuru watu wote, na ameshaniuliza kama nimejifunza kubeba kikapu. Nnalongo anachanganya karanga na hataki mtu asogee. Tui zito la kwanza nimelikamua kwa mkono wangu, na kifumbu chako nimekitundika kwenye msumari wake, kinadondosha matone ukutani, na sakafu imelowa, na sitaipangusa.

Watakapokuwa wameisikia barua hii, kama Salim atataka kunikasirikia, ana haki yake, na atakasirika akiwa ameshiba. Yule mzee wa Mukono nilikwenda kumtafuta wiki iliyopita ili naye aje. Sikumpata. Sahani yake ipo.

Nakuahidi, Zuhura, na safari hii siahidi haraka. Nakuahidi kwamba kila Jumamosi chungu hiki kitapikwa, mlango ukiwa wazi, na atakayekuwa amelilia chochote katika miaka hii atapata mahali mkekani. Nakuahidi, mbele ya kaka yako na mashahidi wote hawa, kwamba karanga hazitapita tena ndani ya kifumbu. Na nakuahidi kwamba leo, kabla mgeni yeyote hajanawa mikono, watu wote wakiniangalia, nitakaa chini na kula. Nitaimaliza sahani nzima, niipanguse kwa kidole kama ulivyokuwa ukinikataza.

Lala kwa raha, mke wangu. Nasikia watu ngazini. Wanakuja wakizungumza wote kwa pamoja, na mmoja wao anacheka kwa sauti yake yote.

Ni mimi mumeo, mwenye njaa ya mwaka mzima,

Mwalimu